Matumbawe Si Mawe

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hata kichwa changu kikiisahau, ubavu wangu wa kushoto utaikumbuka. Nilikuwa sijafika miaka thelathini, nimeolewa mwaka mmoja na miezi kadhaa, ninakaa Kasulu mjini katika chumba cha kupanga, na nilijiona ninajua kila kitu ambacho mwanamke anapaswa kujua. Leo wananiita bibi, ingawa magoti yangu bado yanapanda vilima vya Titye bila kulalamika sana. Basi ukibibi huu unanipa ruhusa ya kukuchelewesha kidogo. Weka simu chini.

Nasema weka simu chini kwa sababu ni hiyo hiyo simu iliyonikumbusha. Juzi ulinionyesha picha ya tangi la kioo, maji yanang'aa, samaki wa rangi rangi, na chini yao vitu kama maua vinavyopepea. Ukaniambia rafiki yako wa Dar anafuga bahari ndani ya nyumba, na wewe unataka kufuga yako. Ukaona nimenyamaza, ukafikiri bibi hajaelewa. Nilielewa, mwanangu. Tangi la namna hiyo nilikuwa nalifuta vumbi wewe ukiwa hujaota hata jino moja.

Lilikuwa la Bi Zuhura. Huyu alikuwa mama mtu mzima, mwenyeji wa Tanga. Si Kitanga chetu hiki cha mihogo alikozaliwa baba yako, mtoto wa kaka yangu mkubwa, bali Tanga yenyewe ya baharini. Alikuja Kasulu na mumewe mfanyabiashara. Mume akafariki, yeye akabaki na duka la vitambaa na nyumba ya wageni ya vyumba vinane nyuma yake. Alizoea baridi yetu ya asubuhi, alizoea ugali wa muhogo, hata Kiha cha kusalimia alikijua. Bahari peke yake ndiyo iliyomshinda kuiacha. Mpwa wake, ambaye kazi yake ni kufuga viumbe vya maji ya chumvi, alimfungia tangi refu ukumbini na kumletea vijiwe vyenye matumbawe, vimefungwa kwenye maboksi ya baridi, safari nzima kwa basi. Umeme ulikuwa ukikatika ovyo siku zile, na ulipokatika jenereta iliwashwa kwa ajili ya tangi kwanza, wageni baadaye. Mgeni akilalamika, Bi Zuhura alimwambia, "Wewe waweza kupumua gizani. Hawa hawawezi."

Mimi nilifagia vyumba, nilifua mashuka, na nilifuta kioo cha tangi kwa nje. Ndani hakuruhusu mtu atie mkono. Alikuwa akivaa mipira mirefu inayofika juu ya kiwiko, anapanda kigoda, anapanga vitu vyake humo huku akivisemesha. Nilimwona kama mama anayecheza na mdoli, Mungu anisamehe.

Sasa nisikilize vizuri, maana kosa langu lilianzia kwenye neno. Kiswahili changu kilikuwa cha kanisani na sokoni. Nyumbani tulisema Kiha, na bibi yangu aliyevuka mpaka kutoka Burundi akiwa na mkeka kichwani alisema Kirundi chake hadi tulipomzika. Jiwe tunalijua, tunaliita ibuye. Lakini kitu kinachoishi chini ya bahari nani angekitafutia jina huku kwetu, mahali ambapo hata Ziwa Tanganyika ni safari? Bi Zuhura aliposema "matumbawe", sikio langu lilishika "mawe". Yale mengine ya mbele nilidhani ni matumbo. Nikaridhika kabisa kwamba ni mawe yenye matumbo, kwa sababu yalikuwa yamevimba vimba na yana matundu. Kuuliza si ujinga, tunafundishwa, lakini mimi niliona kuuliza maana ya neno la Kiswahili mbele ya mtu wa pwani ni kujivua nguo.

Bi Zuhura akaenda Tanga kwenye harusi ya mjukuu wake. Akaniachia funguo. Siku ya nne nilifika asubuhi nikakuta ukumbi umelowa. Tangi lilikuwa linavuja kwenye kona moja, maji yameshuka karibu robo. Nikampigia simu huku nalia.

"Usilie," aliniambia. "Samaki watasubiri, maji bado yapo. Yatoe kwanza matumbawe, yasije yakakauka. Uyatie kwenye lile pipa la uani, maji ya chumvi nimeyaacha tayari. Lakini vaa ile mipira ya mikono, mwanangu. Imo kwenye droo. Usiyashike mikono mitupu, wanisikia?"

"Ego, Bi Zuhura. Nimesikia."

Nilisikia, ndiyo. Nilifungua droo nikaiona hiyo mipira, ya manjano, imekunjwa vizuri na kupakwa unga ndani. Nikacheka peke yangu. Mikono yangu ilikuwa imeng'oa mihogo tangu nikiwa na miaka saba. Ilikuwa imebeba mafiga yakiwa bado na moto wa jana. Leo nivae mipira kushika mawe? Nikafunga droo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi nilikuwa na miguu miwili mizima ya kuchezea.

Wewe umekulia mjini, hujui jinsi mwanamke wa kwetu anavyobeba jiwe. Halibebwi mbele kwa vidole. Unalikumbatia ubavuni, chini ya kwapa, mkono unalizunguka kwa chini, halafu unatembea umelalia upande wa pili. Ndivyo tulivyobeba mafiga kutoka mtoni, ndivyo mama alivyobeba jiwe la kusagia. Basi nilifunga mlango, nikavua blauzi isilowe, nikafunga kanga kifuani, nikapanda kigoda. Lilikuwepo jiwe moja kubwa lililojaa vidole laini vya rangi ya kahawia, vinapepea. Nilidhani ni ukoga. Nikalitoa, nikalikumbatia ubavuni kama nilivyofundishwa na mama, nikavuka nalo ukumbi hadi uani. Nikarudi kuchukua la pili. Nikarudi la tatu.

Kabla sijafika uani na lile la tatu, ngozi ilianza kuniwaka. Unaujua upupu? Ule unga wa yale maharage ya porini yenye manyoya, ukikupitia shingoni unataka kuchuna ngozi. Ndivyo nilivyohisi, kutoka ndani ya mkono hadi kwapani, na kwapani hadi chini ya titi. Nikakimbilia bombani, nikajimwagia maji baridi, nikachukua taulo gumu nikajisugua kwa nguvu zote. Nilifanya kila ambacho, kama nilivyokuja kuambiwa baadaye, mtu hapaswi kufanya. Hadi jioni kuwashwa kukapungua, pakabaki wekundu kidogo. Fundi akaja akaziba tangi. Nikasahau.

Zikapita siku sita. Asubuhi ya siku ya saba naoga, nikahisi ubavu una vitu. Nikachukua kipande cha kioo nikajitazama. Palikuwa na malengelenge, makundi kwa makundi, yamepangana chini ya titi yakizunguka ubavu kuelekea mgongoni. Upande mmoja tu. Wa kulia ulikuwa safi kabisa.

Miaka ile kila mtu alijua, au alidhani anajua, maana ya malengelenge yanayozunguka upande mmoja wa mwili. Ulikuwa mkanda wa jeshi, na mtu akionekana na mkanda watu hawakusema pole. Walitazamana. Kijijini kwetu alikuwepo fundi cherehani aliyepata mkanda, na kabla hata hajapima walishamzika midomoni mwao. Nataka ujue kwamba ulikuwa ujinga wetu. Mkanda humpata yeyote, hata mzee asiye na kisa chochote, na mwenye virusi vya UKIMWI siku hizi anameza dawa zake na kulea wajukuu. Lakini mimi siku ile, na kile kipande cha kioo mkononi, sikuwaza hayo. Niliwaza Filimoni.

Filimoni ndiye mume wangu, huyu huyu unayemwita babu. Alikuwa fundi wa kuezeka bati, na mwezi ule alikuwa Kakonko juu ya mapaa ya watu, anarudi mwisho wa mwezi. Kijana mrefu, mcheshi, anaimba akipiga misumari. Nikiwa bado nimeshika kile kioo nikaukumbuka ucheshi wake wote na kila msichana aliyewahi kuucheka. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajisemea, na nikaona mithali hiyo ilitungwa kwa ajili yangu na yeye.

Akapiga simu siku hiyo hiyo. "Umeamkaje, mke wangu?"

"Nimeamka."

"Mbona sauti hiyo? Unaumwa?"

"Siumwi."

Akasema bati zimechelewa kufika, atakaa wiki moja zaidi. Mimi nikasikia kwamba kinachomchelewesha anakijua mwenyewe. Hivi ndivyo dhana inavyofanya kazi, mwanangu. Ukishampa mtu hatia, hata salamu yake inakuwa ushahidi. Nikachuma majani ya umubirizi, yale machungu tunayonywea tumbo, nikayaponda nikajipaka ubavuni, na malengelenge yakapasuka yakawa vidonda. Zahanati ilikuwa hatua chache kutoka kwangu, lakini sikwenda. Niliogopa kuonekana pale. Niliogopa zaidi jibu. Mficha maradhi kifo humuumbua, hilo nalo nilikuwa nalijua kwa moyo kama wimbo, wala halikunisaidia.

Siku ya tatu nikafunga nguo zangu kwenye kitenge, nikamwachia jirani ufunguo wangu na zile funguo za Bi Zuhura, nikarudi kwa baba Kitanga. Huku kwetu mke akimkimbia mume na kurudi kwa wazazi tunasema kwahukana. Ni neno zito. Baba yangu aliponiona mlangoni na kile kitenge alijua, akaondoka kwenda kumwita dada yake bila kuniuliza lolote, kwa sababu mambo ya ndani ya nyumba ya mtoto wa kike baba hayaulizi. Yanaulizwa na shangazi.

Shangazi Veronika alikuwa mwembamba, mkali, mwenye kucheka kwa pua. Siku mbili hakuniuliza kitu. Alinipa kazi tu. Siku ya tatu akamwaga maharage kwenye ungo, tukakaa uani tunachambua. Nikanyoosha mkono kuokota changarawe, mkono wa blauzi ukapanda, akaona wekundu ulioshuka hadi karibu na kiwiko.

"Nini hicho?"

Nikaanza kulia. Nikamfunulia ubavu. Akatazama kwa muda mrefu bila kukunja uso, na kwa hilo nampenda hadi leo ingawa amelala kaburini.

"Nani amekufanya hivi?" akauliza.

"Filimoni."

"Amekupiga?"

"Hapana, Shangazi. Ameniletea. Huko Kakonko."

"Yeye mwenyewe amesema?"

"Hajasema."

"Umemuuliza?"

Nikainamia maharage. Shangazi Veronika akaweka ungo chini. "Yoo, mwana weye. Kwa hiyo kuna mtu yuko juu ya paa Kakonko, anapigilia misumari, ameshahukumiwa na kufungwa, na hajui hata kama kulikuwa na kesi." Akacheka kwa pua, lakini macho hayakucheka. "Nami ni mjinga mwenzako. Nimekuuliza nani. Sisi tukiumwa swali la kwanza ni nani. Nani kaniroga, nani kanitazama vibaya, nani kaniletea. Hatuulizi nini. Kesho tunakwenda kupima. Ukiwa nao, utatibiwa, na mimi nitakaa na wewe. Usipokuwa nao, utaniambia ni nini."

Sikulala vizuri. Asubuhi tulikwenda Kasulu mjini, mimi nimejifunga kitenge hadi shingoni kama mtu mwenye homa. Tabibu alikuwa kijana, ana subira. Akanitoa damu kidoleni, akatuambia tukae kwenye benchi. Nimezaa mara nne tangu siku ile, mwanangu, lakini sijawahi kukaa mahali pagumu kuliko benchi lile. Shangazi alinishika mkono wa kulia akawa anahesabu vidole vyangu, kimoja kimoja, akimaliza anaanza tena. Nikamwambia Mungu kwamba kama nikiwa mzima nitanyamaza maisha yangu yote nisimseme mtu. Unaona jinsi nilivyomdanganya.

Tukaitwa. "Huna," tabibu akasema. Akanieleza kwamba nirudie kipimo baada ya muda, kama kila mtu anavyoshauriwa, lakini siku ile sikuwa nao. Machozi yakanitoka. Shangazi akasema "Asante Yesu" kwa sauti iliyofanya mama mmoja kwenye foleni naye ajibu "Amina."

"Na mkanda je?" nikauliza nikiwa bado nafuta machozi.

Tabibu akausogelea ubavu. "Mkanda huuma sana, mara nyingi hata kabla malengelenge hayajatoka. Huu ulikuuma?"

"Uliniwasha. Sana."

"Na mkanda hukaa kwenye njia yake ya mshipa. Huu wako umetoka mkononi, ukapita kwapani, ukashuka ubavuni. Na huu mchubuko ni wa kitu gani?"

"Majani nilijipaka."

Akatikisa kichwa kwa huzuni. "Kabla ya hapo umeshika nini? Mmea? Dawa ya shamba? Mdudu?"

"Hakuna. Mimi nafagia vyumba tu."

"Fikiri vizuri. Kitu chochote ulichokibeba upande huu."

"Labda mawe," nikasema. "Mawe tu."

"Mawe gani?"

"Ya Bi Zuhura. Yale ya ndani ya tangi lake. Ya baharini."

Shangazi akageuka akanitazama. Tabibu akaweka kalamu mezani. Akaniuliza kama hayo mawe yalikuwa na kitu juu yake, nikamwambia ndiyo, ukoga wenye vidole unaopepea, na kwamba niliyakumbatia hivi, nikamwonyesha kwa mkono. Mkono wangu ukaangukia pale pale kwenye vidonda, mwanzo hadi mwisho, pasipo kubaki hata inchi. Nikaona mwenyewe. Nilisikia aibu na furaha vinapanda pamoja, sijui ni kipi kilitangulia. Shangazi alicheka hadi akashika ukuta.

Tabibu alisema yeye hajawahi kutibu mtu wa matumbawe katika zahanati ya milimani, lakini alisoma kwamba yanachoma, na kwamba ngozi ya mtu inaweza kutulia ikaja kulipuka upya baada ya siku kadhaa. Akanipa vidonge vya kutuliza mzio, dawa ya kupaka, na ya vile vidonda nilivyojitafutia. Akanionya nisiguse tena vitu vile bila kujikinga, kwa kuwa mwili ukishakosana na kitu, safari ya pili huweza kuja na hasira kubwa zaidi.

Tukapita kwa Bi Zuhura. Alikuwa amerudi usiku uliotangulia na alikuwa ananitafuta kwa jirani, kwa sababu alifungua droo akaikuta mipira yake mikavu, imekunjwa vile vile alivyoiacha.

"Mie nilijua," akasema akishika kichwa. "Nilipoiona tu mipira nilijua. Subhanallah! Na uliyabeba vipi?" Nikamwonyesha. Akakaa chini. "Umeyakumbatia? Matumbawe? Mwanangu, matumbawe si mawe. Ni wanyama! Wadogo wadogo, maelfu, wamejenga nyumba yao ya mawe wakakaa ndani. Hivyo vidole ulivyoviona ndio wao wenyewe, na kila kimoja kina mdomo na miiba yake ya sumu."

"Mimi nilidhani ni mawe yenye matumbo, Bi Zuhura."

Hakucheka. Akavuta mkono wa baibui akanionyesha kifundo chake, pana alama ya zamani, nyeusi kidogo. Akasema aliipata akiwa msichana, akicheza maji ya kina kifupi kwao, na wiki nzima mama yake alidhani kalishwa kitu. Kisha akaniomba radhi, yeye, mtu mzima, kwa kunipa neno bila kunipa maana yake. Nami nikamwomba radhi kwa kulipokea bila kuuliza. Tukanywa chai.

Ilibaki Filimoni. Kumbe bati zilifika mapema kuliko alivyotarajia. Alirudi Kasulu akakuta mlango umefungwa, jirani akampa ufunguo na kumtazama kwa huruma. Kesho yake akafika Kitanga kwa baiskeli, vumbi jekundu hadi kwenye nyusi. Alikuja peke yake, bila mzee wa kumsindikiza kama desturi inavyotaka, kwa sababu hakujua atamwambia mzee huyo anakwenda kuuliza nini.

Nilitaka nimwambie kwamba nilikuja kumsalimia baba. Shangazi Veronika akanisukuma mgongoni. "Uliyoyafikiri ukiwa peke yako, kayaseme mbele yake," akasema, akatuacha uani.

Nikasema yote. Nilisema ya tangi, ya malengelenge, ya kipimo, na nilichomdhania. Sikumtazama usoni. Nilipomaliza alikuwa ameinama anachora chini kwa kijiti.

"Ungeniuliza," akasema.

Alisema hilo tu, kwa sauti ya chini, na liliniuma kuliko wale wanyama wote wa Bi Zuhura. Alikuwa amenipigia simu, akaniuliza kama naumwa. Nami nikasema siumwi. Nikapiga magoti nikalia, nikamwomba msamaha, na sikuwa na la kujitetea.

Akakaa kimya kwa muda. Halafu nikasikia anacheka, pole pole, kama mtu aliyejikamata mwenyewe. "Nami nikuambie," akasema. "Nilipokuta mlango umefungwa na nguo zako hazipo, nilijua umepata mwanamume. Njia nzima kutoka Kasulu nimekuja nagombana naye."

"Mwanamume gani?"

"Mwalimu wa kwaya."

Mwanangu, mwalimu wetu wa kwaya alikuwa na umri wa baba yangu, hana meno ya mbele, akiimba inabidi watu wa mstari wa kwanza wakae na leso. Nilicheka hadi ubavu ukaniuma, nikawa nalia na kucheka, na Filimoni akacheka hadi kijiti kikavunjika, na baba akatoka ndani kuona kama tunapigana. Sijapata tena kucheka namna ile. Ulikuwa mzigo unashuka kwenye vichwa vya watu wawili kwa wakati mmoja. Siku kumi zilizofuata alinipaka ile dawa asubuhi na jioni, mahali ambapo mkono wangu haukufika, na kila mara alibisha hodi kwanza.

Sasa sikia nasaha zangu, maana huko ndiko nilikokuwa naelekea tangu mwanzo. Sikukatazi kufuga bahari yako. Ni kitu kizuri, nami niliendelea kumfanyia kazi Bi Zuhura miaka mitano mingine, nikiwa nimevaa mipira hadi kwapani. Lakini usiingize nyumbani kitu usichojua jina lake na maana ya jina hilo. Kila kinachokaa ndani ya lile tangi kihesabu kuwa kiko hai hadi uambiwe vinginevyo. Usikishike mikono mitupu, usikisugue nje ya maji, wala usithubutu kuchemsha jiwe lake ukidhani unalisafisha, kwani Bi Zuhura aliniambia wako wengine ambao sumu yao hupanda na mvuke. Kikikuchoma, usijikune na usijisugue kama nilivyofanya mimi mpumbavu. Suuza kwa maji safi yaliyotiwa chumvi, toa vipande kwa kibano, acha majani ya watu porini, nenda kwa tabibu hata kama pamepoa, na umwambie ulichoshika kabla hajakuuliza. Ukiona uso unavimba au pumzi inabana, hapo usingoje hata kuvaa viatu.

Hayo ni ya ngozi. La moyo ni hili alilonipa Shangazi Veronika juu ya maharage. Likikupata jambo, usianze na nani. Anza na nini. Nani ni swali linalotaka mtu wa kumfunga, na litampata tu, hata kama inabidi liende hadi juu ya paa la Kakonko au kwenye kwaya ya kanisa. Nini ni swali linalotaka kujua. Na kama baada ya nini bado kuna nani, basi mwendee huyo mtu umuulize yeye, kwa mdomo wako, akiwa mbele yako. Mimi nilikuwa na mume aliyenipigia simu kuuliza kama naumwa, nikachagua kuongea na kipande cha kioo. Majuto ni mjukuu, na kama ndoa ile ingevunjika, wajukuu wangu hawa wangezaliwa wapi?

Haya, chukua simu yako. Mungu akuepushe na jambo linalochoma, na likikuchoma akupe watu wa kukushika mkono kwenye benchi. Akupe ulimi usioona haya kuuliza, na sikio lisilojidai limesikia. Na siku atakapokupa mwenzi, akupe yule unayeweza kumwambia mabaya uliyomdhania, akanyamaza kidogo, kisha akakucheka.